Nyani hakugeuka mtu, wala mtoto hakurogwa

Kila nialikwapo kuzungumza na wanafunzi wa shule za upili za huku kwetu Thika, iwe mjini penyewe au katika mitaa ya pembezoni kama huu wa Ngoingwa ninakoishi, kuna swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Mwalimu huwa amenialika nizungumzie historia ya Kiswahili, au pengine mbinu za kujibu maswali ya isimu jamii. Lakini mara tu fursa ya maswali itolewapo, kijana mmoja aliyeketi nyuma huinua mkono na kusema: "Mwalimu, ikiwa ni kweli mtu alitokana na nyani, mbona nyani wangali nyani?" Hapo darasa zima huangua kicheko na kupiga makofi, kana kwamba wataalamu wa ulimwengu mzima wamebwagwa kwa mweleka mmoja.

Swali hili si la kupuuzwa. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na kwa hakika swali la kijana huyu lina mantiki yake. Kosa lililomo halitokani na akili yake bali na sentensi aliyorithishwa na wakubwa zake. Mimi si mwanabiolojia. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, kadiri ninavyolisikia swali hilo ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba tatizo la kufunza mageuko ya mwili wa binadamu katika shule zetu, kabla halijawa tatizo la sayansi au la dini, ni tatizo la lugha. Tena ni tatizo lenye gharama, na wanaoilipa gharama hiyo ni watoto wetu wenyewe.

Tuanze na neno nyani. Kiswahili hakina umaskini wa majina katika uwanja huu: tuna nyani, tumbili, kima, mbega, ngedere na sokwe, na kila jina lina mwenyewe. Hakuna mtaalamu wa kuaminika aliyepata kudai kwamba mtu alitokana na nyani. Nyani tumjuaye, yule mwizi wa mahindi shambani, ni kiumbe wa leo kama tulivyo sisi, na historia yake ni ndefu kama yetu. Wasemalo wataalamu ni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja, yaani walitokana na kiumbe mmoja wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala hakuwa mtu. Undugu wetu na nyani uko mbali zaidi ya hapo. Katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, watafiti walipata vipande vya taya vyenye umri wa takriban miaka milioni 25, na wakavitangaza mwaka 2013. Kipande kimoja kilikuwa cha upande wa masokwe na kingine cha upande wa nyani na tumbili. Kwa hivyo, hata zamani hizo za mbali mno, njia zilikuwa tayari zimeachana.

Mpenzi msomaji, ikiwa jambo hili linaonekana gumu, hebu tulitazame kwa kioo cha lugha. Mkikuyu na Mkamba husema mũndũ. Mganda husema omuntu, Mzulu husema umuntu, nasi katika Kiswahili twasema mtu. Je, yuko mwanafunzi awezaye kusimama na kuuliza, "Ikiwa Kiswahili kilitokana na Kibantu, mbona Kikuyu kingaliko?" Angechekwa. Kila mtu anafahamu kwamba Kiswahili hakikuzaliwa na Kikuyu, wala Kikuyu hakikuzaliwa na Kiganda. Lugha hizi ni ndugu. Mama yao alizungumzwa zamani, hakuacha maandishi, na leo hakuna kijiji hata kimoja anamozungumzwa. Tunamjua kwa kuwalinganisha wanawe, kazi ambayo Mjerumani Carl Meinhof aliiwekea misingi katika kitabu chake cha mwaka 1899. Tunapoona mũndũ, omuntu, umuntu na mtu, twajua kwamba mama yao alikuwa na shina -ntu, ingawa hakuna aliye hai aliyemsikia akilitamka.

Tena tuseme hivi: hakuna bibi aliyelala usiku akizungumza lugha hiyo ya kale, akaamka asubuhi akizungumza Kiswahili. Kila mama alielewana na mwanawe, na kila mwana akaelewana na mwanawe pia. Walakini, baada ya vizazi vingi, watu waliokwenda pwani na watu waliokwea milima hawakuelewana tena. Hivyo ndivyo lugha zibadilikavyo, na hivyo ndivyo miili ibadilikavyo. Ulinganisho huu si wangu. Charles Darwin mwenyewe aliutumia katika kitabu chake kuhusu asili ya mwanadamu, kilichochapishwa mwaka 1871, ambamo pia alikisia kwamba wazee wa kale wa binadamu yamkini waliishi katika bara hili letu la Afrika. Wakati huo hakuwa na fuvu hata moja la Kiafrika la kumuunga mkono.

Lugha hutufunza jambo la pili, nalo ni hadhari. Si kila vifananavyo ni ndugu. Katika Kiswahili tuna neno mundu, kile chombo kilichopinda cha kukatia nyasi au mpunga. Anayezungumza Kikuyu akilisikia aweza kudhani ni mũndũ wake. Lakini wingi wa mundu ni miundu, na wingi wa mũndũ ni andũ. Ukiyapasua maneno hayo, la kwanza ni m-undu na la pili ni mũ-ndũ. Mashina yao ni mbali kabisa. Mtu na mũndũ, ambayo hayafanani sana kwa sikio, ndiyo ndugu wa damu. Vivyo hivyo, bawa la popo na bawa la kipepeo hufanana kwa kazi, ilhali mifupa ya bawa la popo inakwenda na mifupa ya mkono wangu na wako: mfupa mmoja wa mkono wa juu, miwili ya kigasha, kisha vidole. Mwanafunzi aliyezoea kutenga mashina na viambishi ana silaha tayari ya kusomea mwili. Ni sisi walimu ambao hatumpi nafasi ya kuitumia.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Sentensi "nyani aligeuka mtu" ina hitilafu mbili za sarufi, ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa madhara. Ya kwanza imo katika kiambishi a-. Kiambishi hicho humtaja mtendaji mmoja: yeye, huyu, siku fulani, akageuka. Na kitenzi kugeuka chenyewe tumekizoea katika hekaya, ambamo mtu hugeuka fisi au binti hugeuka jiwe. Basi mwanafunzi akisikia neno mageuko, akilini mwake huja hekaya, naye ana haki ya kuicheka. Lakini katika sayansi hakuna mnyama mmoja anayegeuka. Kinachobadilika ni hesabu ya wenye sifa fulani, kizazi hata kizazi. Wenye sifa inayofaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na wasio nayo huzaa kidogo au hufa mapema. Na baada ya vizazi vingi sifa hiyo huwa imeenea.

Hitilafu ya pili haisemwi waziwazi, ila hujitokeza katika insha na karatasi za mitihani. Ni neno ili. "Twiga alirefusha shingo ili ale majani ya juu." "Binadamu alisimama wima ili aone mbali." Ili ni neno la nia na makusudi, na mwili hauna nia. Hakuna twiga aliyekusudia, wala hakuna mtu wa kale aliyefanya mkutano akaamua kusimama. Mabadiliko hutokea katika mbegu za uzazi bila kujali haja zetu. Mengi hayana faida wala hasara, baadhi hudhuru, machache hufaa. Yanayofaa hubaki kwa sababu yamefaa, wala hayakuja ili yafae. Kati ya kwa sababu na ili pana tofauti kubwa ya fikra, na mwalimu asiyeitambua atafunza hekaya akidhani anafunza sayansi.

Ushahidi wa haya hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kikundi cha Mary Leakey kilifukua mwaka 1978 nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Na mwezi wa Agosti mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu kilichofanana kwa rangi na changarawe iliyokizunguka. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya kijana aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, mifupa iliyokamilika kuliko karibu yote ya zama hizo. Kamoya Kimeu, Mkenya asiyekuwa na shahada wakati huo, alitunukiwa nishani na shirika la National Geographic mwaka 1985 katika ikulu ya Marekani. Aliaga dunia mwaka 2022. Nasikitika kusema kwamba nimekutana na wanafunzi wengi wawezao kutaja majina ya wachezaji wa Uingereza kuanzia kipa hadi mshambulizi, lakini jina la Kimeu hawajapata kulisikia.

Mifupa hiyo si ya makavazi pekee, tunatembea nayo. Uti wa mgongo wetu ulitokana na ule wa viumbe waliotembea kwa miguu minne au kuparamia miti, kisha ukabebeshwa uzito wa kiwiliwili kilichosimama. Ndiyo maana mwalimu aliyesimama ubaoni kutwa, au kibarua aliyeinama katika mashamba ya mananasi ya Thika, hulalamikia kiuno. Nyonga zilizotengenezeka kwa kutembea wima ndizo hizo hizo zinazopaswa kumpitisha mtoto mwenye kichwa kikubwa, na ndiyo sababu uzazi wa binadamu huwa mgumu na mwanamke huhitaji mkunga. Hata koo langu, ambalo ndilo chombo changu cha kazi, ni ushahidi. Zoloto yetu, kile kisanduku cha sauti, imekaa chini kooni kiasi cha kutuachia nafasi pana ya kuumba irabu a, i na u. Lakini kwa kukaa huko, njia ya chakula na njia ya hewa zimekutana vibaya, na binadamu huweza kupaliwa na tonge akafa. Fundi aliyeanza upya asingeunda hivyo. Historia haianzi upya, hutumia ilichokikuta.

Nimetaja hayo ili nifike kwenye jambo linalonikera hasa. Nalo limo katika damu.

Mwaka 1949, kijana mmoja wa Kiingereza aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, aliyekuwa akisomea udaktari huko Oxford, alirudi nchini na msafara wa uchunguzi, akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Alikuwa akitazama, pamoja na mambo mengine, chembe nyekundu za damu ambazo zikikosa hewa hupinda mfano wa mundu. Ndiyo sababu Kiswahili sanifu kimeuita ugonjwa huu selimundu. Alichokiona kilimshangaza. Miongoni mwa jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, watu wenye kubeba chembechembe ya urithi ya selimundu walizidi asilimia 20 katika baadhi ya mahali. Miongoni mwa jamii za nyanda za juu na za maeneo makavu, hawakufika hata asilimia 1.

Kwa nini? Allison alijiuliza ni kipi kilichopo pwani na ziwani ambacho hakipo milimani. Jibu lilikuwa mbu, na malaria anayoieneza. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Basi palipokuwa na malaria, mtoto mwenye jeni moja ya aina hiyo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi hadi akawa mzazi, na jeni ikaenea. Pasipokuwa na malaria haikuwa na faida, nayo haikuenea. Huu ni mojawapo wa mifano iliyo wazi kabisa ya mageuko ya mwili wa binadamu iliyopata kuthibitishwa popote duniani, na ulithibitishwa kwa damu yetu.

Badiliko lenyewe ni dogo ajabu. Hemoglobini, ile protini ibebayo hewa katika damu, hujengwa kwa minyororo ya asidi amino. Katika selimundu, asidi moja tu kati ya 146 za mnyororo mmoja imebadilishwa. Ni kama vile konsonanti moja ibadilishavyo baba kuwa bata. Hakuna aliyelikusudia badiliko hilo. Halikuja ili kuwakinga watu. Lilitokea, likakuta malaria, likabaki. Na kwa kuwa mwili hauna nia wala huruma, kinga hiyo ilikuwa na gharama yake. Wazazi wawili wakiwa na jeni moja moja, wao wenyewe wakiwa wazima, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto aliyerithi jeni mbili. Mtoto huyo ndiye augua selimundu. Maumivu ya mifupa humjia kwa vipindi, viganja na nyayo humvimba angali mchanga, macho huwa ya manjano, damu humpungua, na maradhi ya kuambukiza humshambulia upesi. Malaria nayo, ambayo mwenye jeni moja amekingwa nayo, kwake yeye ni hatari kubwa.

Sasa itazame Ngoingwa. Mtaa huu uko katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ambayo zamani Allison asingetarajia kuona selimundu nyingi. Lakini Thika ni mji wa viwanda na vyuo. Wazazi wamekuja kutoka Kisumu, Siaya, Busia na Kilifi kutafuta kazi, wamepanga nyumba, wamejenga, wameoana na majirani zao. Mwili nao umehamia pamoja nao, na historia yake. Mtoto ambaye mababu zake walinusurika malaria ya ziwani ameketi leo katika darasa la nyanda za juu, mbele ya mwalimu ambaye hajapata kumwona mgonjwa wa namna hii kijijini kwao. Na baridi ya Juni na Julai, ambayo kwa wengine ni sababu ya kuvaa sweta, kwake yaweza kuwa chanzo cha maumivu makali. Sambamba na kukosa maji ya kunywa, homa, na uchovu wa kukimbizwa uwanjani.

Nimemwona mtoto wa namna hiyo, katika shule nisiyotaka kuitaja, akiitwa mvivu mbele ya wenzake kwa kuwa alikuwa amechelewa gwarideni. Nimesikia jirani akinong'ona kwamba mama wa mtoto huyo "ana jambo", kwani huyu ni wa pili kuugua hivyo. Nimesikia pia wakweze wakitaka mama arudishwe kwao. Na hapa ndipo sarufi inaporudi kututesa. Wanaonong'ona huuliza maswali mawili: nani amemfanya hivi, na ili iweje? Wanatafuta mtendaji na wanatafuta nia. Kiambishi a- na neno ili, yale yale yaliyotuletea nyani aliyegeuka mtu, ndiyo yanayotuletea mama aliyeroga na mtoto aliyelaaniwa. Mwanafunzi ambaye hakufunzwa kwamba mwili waweza kuwa na sababu bila kuwa na mtendaji, hatakuwa na jibu nyumbani siku ugonjwa utakapobisha hodi. Atatafuta mchawi.

Laiti angefunzwa vyema, angeweza kumwambia shangazi yake: hakuna aliyeroga. Jeni hii ilitoka kwa baba sawasawa na kwa mama, kwa kuwa bila pande zote mbili mtoto asingeugua. Ni jeni iliyowavusha mababu zetu katika nchi ya mbu, na wala si aibu kuwa nayo. Mficha maradhi kilio humfichua: mtoto apelekwe hospitali, apimwe, apewe dawa, alindwe na malaria, anyweshwe maji, afunikwe na baridi. Zipo dawa zinazopunguza vipindi vya maumivu, na mtoto aliyegunduliwa mapema ana matumaini makubwa kuliko yule aliyefichwa. Tena vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu, wapate kujua kabla hawajaamua.

Yako mambo mengine ya furaha kuliko hayo ambayo mwalimu aweza kuyatumia. Wanyama wengi wakishaachishwa ziwa hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na watu wazima wengi duniani wako hivyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha jamii za Kenya, Tanzania na Sudan, ulionyesha kwamba wafugaji wa kwetu wana badiliko lao la jeni linalowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, tofauti na lile la watu wa Ulaya. Mabadiliko mawili, mahali mbalimbali, kazi moja. Nalo ni badiliko la miaka elfu chache tu, tangu watu walipoanza kufuga. Kwa hivyo mageuko hayakukomea Turkana, yanaendelea.

Najua kwamba wapo watakaoniambia kuwa haya yanakinzana na imani. Sina nia ya kugombana na imani ya mtu yeyote. Nakumbuka mjadala wa mwaka 2006 na 2007, wakati makavazi ya taifa ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, ambapo baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mifupa ya Nariokotome na mingineyo kupewa nafasi ya mbele. Walikuwa na haki ya kusema. Lakini ni vyema pia tukumbuke kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Oktoba 1996, alikiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kuwa Papa kwa kukiri hivyo. Imani huuliza tuliumbwa na nani na tuishi vipi. Biolojia huuliza mwili huu ulifikaje hapa ulipo. Mwalimu wa biolojia akijibu swali lake sawasawa, hajampokonya padri au shehe lolote.

Wengine husema, "Lakini ni nadharia tu." Hilo nalo ni tatizo la lugha. Katika mazungumzo ya kawaida, nadharia ni kinyume cha vitendo, maneno matupu. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi na kusimama. Kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu ni nadharia pia, na hakuna daktari anayekataa kunawa mikono kwa kuwa ni nadharia tu.

Basi tufanyeje? Katika mfumo wa 8-4-4 mada hii iliwekwa mahali pawili: katika Historia na Serikali ya Kidato cha Kwanza, na katika Biolojia ya Kidato cha Nne. Mwanafunzi akakariri majina ya Kilatini mwaka wa kwanza, akasahau, kisha akakutana na jeni mwaka wa mwisho huku mtihani ukimkodolea macho. Kote alifunzwa kwa Kiingereza, ilhali wasiwasi wake aliufikiria kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ambako hakuna aliyempa sentensi iliyo sahihi. Mtaala unabadilika, na mabadiliko ni fursa. Nawasihi walimu wenzangu mambo matatu.

La kwanza, mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja. Istilahi zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Hakuna haja ya kusema "nyani aligeuka mtu" wakati lugha inaturuhusu kusema kwamba mtu na sokwe wana asili moja, na kwamba vizazi vilibadilika. La pili, tusahihishe neno ili katika insha za sayansi kwa ukali ule ule tunaosahihishia upatanisho wa kisarufi. La tatu, tuanze na mwili ulio mbele yetu: mgongo, koo, maziwa, damu. Mwanafunzi akishaelewa damu yake mwenyewe, hatahitaji kushurutishwa aelewe fuvu la Turkana.

Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, watafiti wa Kenya na wa ng'ambo walifukua kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Walitangaza habari zake mwaka 2021, wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa chake yaonekana kiliwekewa kitu cha kukiegemeza, mfano wa mto. Ndilo kaburi la binadamu la kale zaidi lijulikanalo barani Afrika. Watu waliomzika hawakuwa na shule wala hospitali wala kamusi. Walijua tu kwamba mtoto hatupwi.

Sisi tuna vyote hivyo. Haitakuwa na maana kujivunia mifupa ya kale iliyomo makavazini ikiwa mtoto mwenye mifupa inayomuuma leo, katika gwaride la asubuhi, anaitwa mvivu na mamake anaitwa mchawi. Tuwafunze wanafunzi wetu mwili wao, na tuwafunze kwa sentensi iliyo kweli.